Tundu la Milimita Ishirini

Karatasi ile ya kuachishwa kazi ilikuwa na mistari kumi na mmoja na yote naikumbuka, lakini ni mstari wa tisa uliomuumiza dada yangu kuliko nyonga yenyewe iliyovunjika. Ulisema: "Maji yaliyosababisha mfanyakazi kuanguka yalimwagwa na mfanyakazi huyohuyo kwa uzembe wake."

Uzembe! Miaka kumi na tisa amepiga deki katika hospitali ile ya watoto. Wakubwa saba wamekuja na kuondoka, kila mmoja na kiti chake kipya, yeye akibaki na ndoo ileile. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Ni wazi hakuna mhenga aliyewahi kupiga deki.

Maji yalitoka kwenye tangi la samaki. Liko katikati ya ukumbi wa kungojea, refu kama kitanda cha watu wawili, limewekwa hapo ili watoto wasahau sindano. Maji ya tangi kama lile hayatulii. Pampu iliyo kabatini chini inayasukuma juu, yanajaa, kisha yanatokea kwenye tundu lililo ubavuni karibu na ukingo, yanashuka na bomba, yanachujwa, yanapanda tena. Kila kitu kinalitegemea tundu hilo. Likizidiwa, maji yanapita juu ya ukingo na kuja sakafuni. Zamani pampu ilikuwa ndogo na tundu lilitosha. Mwaka juzi wakaleta pampu kubwa yenye mapovu ya kupendezesha, tundu wakaliacha vilevile. Halafu wakaliwekea wavu ili samaki wadogo wasipenye. Walilibebesha koo la kuku kazi ya kumeza chakula cha ng'ombe.

Dada aliandika kwenye daftari la zamu mara saba: "Maji yamefurika tena." Kila alipoandika aliniambia, na kila aliponiambia niliiweka tarehe kichwani. Mara ya nane hakuandika, kwa sababu alikuwa amelala chali juu ya maji hayo akiangalia taa. Baada ya hapo daftari likapotea. Ofisi ile haijawahi kupoteza daftari la waliochelewa kazini hata siku moja, lakini hilo la zamu likapotea.

"Kazi hawanirudishii, na mguu wenyewe haukubali," Dada aliniambia nilipomwandikia malalamiko ya kupeleka kwa ofisa kazi, pampu mpya na tarehe zote saba zikiwamo. "Nataka mstari ule utoke. Basi. Wajukuu zangu wakija kuisoma karatasi hiyo wasome nini?"

Ofisa kazi akajibu. Atakuja hospitalini Alhamisi kusikiliza pande zote mbili.

Jumatatu ya wiki hiyohiyo, asubuhi, fundi bomba mmoja tunayefahamiana akanipigia simu.

"Fundi kioo, kikombe cha arobaini na tano unacho?"

Kikombe ndicho chombo tunachotobolea kioo: kopo la chuma lisilo na kitako, mdomoni limepakwa vumbi la almasi.

"Ninacho."

"Kuna tangi la samaki hospitali ya watoto. Tundu dogo, wanataka kubwa. Ila liwe limekwisha kabla ya Alhamisi. Sijui wana nini hiyo Alhamisi."

Mimi nilijua. Nilisema tu, "Nakuja."

Pale hospitalini hawakujua mimi ni nani. Mimi na Dada ni wa mama mmoja, baba mbalimbali. Majina yetu ya mwisho hayasalimiani. Msimamizi wa huduma alinipokea mlangoni. Alikuwa na miezi minne tu kwenye nafasi ile, shati limepigwa pasi hadi mikono inataka kusimama yenyewe. Ndiye aliyetia saini karatasi ya mistari kumi na mmoja.

"Mzee, kazi ya nusu saa hii," alisema. "Tundu si lipo tayari? Unaliongeza tu kidogo."

Nilisogeza chungu cha maua kilicholificha tundu, nikatoa wavu, nikapima. Milimita ishirini. Nikaandika.

"Unaandika nini?"

"Kipimo."

"Kipimo cha kitu unachokwenda kukiondoa? Mafundi bwana, mkikosa cha kufanya mnaandika."

"Na ninyi wakubwa mkikosa cha kuandika mnafanya nini?"

Alicheka. Alidhani ni utani.

Watu hudhani kupanua tundu ni rahisi kuliko kulitoboa upya. Ni kinyume. Kwenye kioo kizima kikombe kinajichimbia njia. Kwenye tundu la zamani hakina pa kushika katikati, kinarukaruka na kukwaruza kila kitu. Na kuna la hatari zaidi. Kioo kilichochomwa ili kiwe kigumu hakitoboleki. Ukikigusa tu na almasi kinakuwa chumvi yote kwa mpigo. Tundu lililopo halikuhakikishii lolote, maana kiwandani wanatoboa kwanza, wanachoma baadaye. Fundi asiyejua hilo amewahi kusomba samaki kwa fagio.

Kwa hiyo nilivaa miwani yangu ya jua, ile ya kukata mng'ao, nikawasha simu nikaiweka nyuma ya kioo, nikachungulia. Kioo kilichochomwa kingeonyesha madoa meusi kama ngozi ya chui. Hiki kilikuwa safi. Kioo cha kawaida. Kinatoboleka.

"Vipi?" Msimamizi akauliza.

Ningeweza kusema, "Hiki kimechomwa, hakiguswi." Asingejua. Tundu lingebaki na milimita zake ishirini hadi Alhamisi, ofisa kazi angeliwekea rula mwenyewe, na mstari wa tisa ungekufa pale pale. Nilishafungua mdomo.

Nyuma yangu kulikuwa na mwanamke anapiga deki, ndiye aliyewekwa mahali pa Dada. Mjamzito, tumbo la miezi saba hivi, anakamua tambara kwa shida, na ukingoni mwa tangi maji yanachuruzika kila mapovu yakipanda. Mtoto mmoja mwenye bandeji mkononi akamponyoka mama yake, akaja mbio kuona samaki. Mguu ukateleza. Yule mwanamke akamdaka kwa shati kwa mkono mmoja, wa pili ukajishikiza kwenye kabati, tumbo likagonga kona. Hawakuanguka.

"Samahani, mama," akamwambia mzazi, kana kwamba maji yale aliyatoa kwao.

Nikamwambia Msimamizi natoka kuchukua vifaa. Nje nikampigia Dada. Nilimweleza yote: tundu, kioo, uongo nilioukaribia.

"Nani anapiga deki siku hizi?" akauliza.

"Dada mmoja. Mjamzito."

Nilisikia fimbo zake za kutembelea zikigusa ukuta.

"Toboa," akasema.

"Dada! Hilo tundu ndilo shahidi wetu wa pekee. Nikilipanua nimelila. Hayo ndiyo wanayoyataka, wametuita sisi wenyewe tuwafutie nyayo!"

"Nimekusikia."

"Siku tatu tu. Maji yamefurika miaka miwili, siku tatu ni nini?"

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mdogo wangu. Zile siku tatu atazipigia deki yeye, si wewe." Kisha, kwa sauti ileile ya kuulizia chumvi, akasema, "Na hicho kinachotoka, kinakwenda wapi?"

"Kipi?"

"Ukitoboa. Kile kipande."

Nilisimama na simu sikioni kama mjinga. Ukitoboa kioo kizima inatoka sarafu ya kioo. Ukipanua tundu inatoka pete, na katikati ya pete hiyo tundu la zamani linabaki vilevile, duara lake lote. Ila pete haitoki nzima. Karibu kila mara inakatika vipande viwili au vitatu mwishoni, na fundi hajali, ni takataka.

"Inavunjika," nikamwambia.

"Basi usiivunje," akasema, akakata simu.

Nusu saa ya Msimamizi ikawa saa mbili na zaidi. Nilizima pampu, nikapunguza maji hadi chini ya tundu, nikabandika mfuko wa plastiki ndani ili vumbi la kioo lisiwaangukie samaki. Nikatoboa kipande cha ubao mwembamba kwa kikombe kilekile, nikakibana juu ya kioo, tundu la ubao likizunguka tundu la kioo, ili kikombe kiwe na ukuta wa kukishika kisicheze. Kwa ndani nikaweka tabaka nne za utepe wa karatasi wenye gundi, kama kiganja cha kuidaka pete. Kikawa kimebaki kitu kimoja: mkono wa kumwagia maji, kwa sababu kioo kikikauka kinapata moto, kikipata moto kinapasuka.

"Dada, nisaidie," nikamwambia mpiga deki. "Chupa hii. Tone kwa tone, usiache."

"Mimi nimekuja hapa kuondoa maji, sasa nayaongeza," akasema. Lakini akavuta kiti, akakaa, akaishika chupa.

Drili niliiendesha polepole, uzito wake tu, bila kuisukuma. Uji mweupe ukawa unatiririka ubaoni. Msimamizi alipita mara ya kwanza: "Bado?" Akapita mara ya pili: "Mzee, unatoboa au unabembeleza?" Watoto walikuwa wamejipanga sakafuni kimya, wanangoja kuona kama samaki watatoka. Mkono uliniuma hadi begani. Milimita kumi za kioo. Nilipohesabu nane nikainua drili nikapumzika. Pale mwishoni ndipo pete hukatika, kwa sababu fundi anachoka na anataka kwenda kwao. Nami nilitaka. Nilimfikiria Dada chali juu ya maji akiangalia taa, hasira ikapanda, na hasira ina mkono mzito, kwa hiyo nikangoja ishuke. Ndipo nikaendelea.

Haikutoa sauti. Kikombe kililegea tu. Nilipovua ubao, pete ilikuwa imekaa kwenye gundi, nzima.

"Ona," mpiga deki akanong'ona. "Kumbe lilikuwa dogo hivyo."

Msimamizi akaja kutoka nyuma. "Hicho kitupwe."

"Kipande kinachotoka ni cha fundi," nikasema. "Ndiyo desturi yetu. Nacho ndicho nitakachopimia mpira wa kuzuia maji." Nusu yake ilikuwa kweli. Akapunga mkono, akaondoka kuitafuta kamera, alitaka picha ya tundu jipya. Nikafunga bomba la milimita arobaini kwenye tundu, nikawasha pampu. Maji yakapanda, yakafika tundu, yakaingia bila ugomvi. Ukingo ukabaki mkavu.

Nilipokuwa nakusanya vifaa nikamwambia yule mwanamke mimi ni nani, na Alhamisi kuna nini. Nikamuuliza kama atasema alichokiona.

Aliangalia mlango wa ofisi. "Kaka, nina miezi miwili kazini. Na hili tumbo unaliona."

Nikamwambia neno baya. Nilimwambia watu kama yeye ndio wanaotufikisha hapa. Naikumbuka mistari ya wengine, na huo wangu naukumbuka pia.

"Watu kama mimi?" akasema. "Nani amekushikia chupa saa mbili?" Akachukua ndoo yake, akaenda zake.

Dada nilimkuta amekaa dirishani, mguu juu ya stuli. Nilimwekea pete mkononi na kumwambia yote, pamoja na jinsi nilivyomsema mpiga deki.

"Ukimwona tena umwombe radhi. Na usimwite shahidi, mwache azae." Akaiinua pete kwenye mwanga, akaigeuza. Kisha akaacha kuigeuza.

Kwenye kioo cha pete kulikuwa na mikwaruzo mitatu myembamba, imepinda kidogo, inaingia upande huu na kutokea upande wa pili. Nilikuwa nimeiona. Kila tangi lina mikwaruzo.

"Hii ni yangu," Dada akasema.

"Yako vipi?"

"Mwezi wangu wa kwanza kazini. Ukungu wa kijani ulikuwa umeshika kioo, nami nikachukua waya wa kusugulia masufuria. Hakuna aliyeniambia, wala sikuuliza. Nilivuta mara moja, hivi, toka ukingoni." Aliichora hewani, mkono ukipinda. "Nilipoona nimefanya nini nikasukumia chungu cha maua pembeni kukificha kioo. Miaka kumi na tisa nimekihamisha chungu kile nikipiga deki, na kukirudisha."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini aliacha kuigeuza pete. Mikwaruzo ilikuwa inaendelea kwenye tangi, pande zote mbili za tundu jipya. Pete ikirudishwa mahali pake, mistari mitatu ingeungana na mitatu, na hakuna ofisi duniani ambayo ingesema kipande kimetoka tangi jingine. Lakini wangeuliza alama hizo zimetoka wapi.

"Hawahitaji kujua ni nani," nikasema. "Mikwaruzo ni mikwaruzo."

Alikuwa anapitisha kidole juu ya mistari yake.

Alhamisi tulikaa kwenye chumba cha mikutano cha hospitali, ofisa kazi mwanamke wa makamo mwenye kikohozi, Msimamizi na jalada lake, mimi na Dada na fimbo zake. Msimamizi alitoa picha. Tundu pana, maridadi, rula pembeni: milimita arobaini na tano.

"Mfumo uko sawa kabisa, kama unavyoona," akasema. "Maji hayawezi kufurika. Kwa hiyo yalitoka kwenye ndoo."

Nikaweka pete mezani.

Alinitazama, akamtazama Dada, akatutazama tena pua zetu, ambazo ni za mama yetu. "Kumbe! Ofisa, huyu ni ndugu yake. Hicho kipande ametoboa kwao. Kinaweza kutoka tangi lolote."

"Hilo ni kweli," ofisa akaniambia. "Una shahidi aliyeona kikitoka?"

Niliufikiria ule mlango, ndoo, tumbo. "Sina."

Akashika kalamu. Dada akajivuta akasimama.

"Twende kwenye tangi," akasema.

Ilituchukua muda kufika, kwa sababu mwendo ulikuwa wake. Alimwambia Msimamizi asogeze chungu cha maua, na Msimamizi, sijui kwa nini, akakisogeza mwenyewe. Nilizima pampu, nikachota ndoo mbili, nikalitoa bomba kwenye tundu. Ofisa akaivaa miwani yake. Nikaiweka pete katikati ya tundu, nikaizungusha taratibu. Kulikuwa na mwanya wa unene wa mdomo wa kikombe kuizunguka, mwembamba kama uzi mnene. Nilizungusha hadi mistari mitatu ya tangi ikaingia kwenye pete, ikaruka tundu la katikati, ikatokea upande wa pili, ikaendelea na safari yake.

Ofisa aliinama kwa muda mrefu. Akapima tundu la pete kwa rula yake mwenyewe. "Ishirini," akasema. Akamgeukia Msimamizi. "Lilipanuliwa lini?"

"Ni matengenezo ya kawaida…"

"Nimeuliza lini."

"Jumatatu."

"Na hii mikwaruzo?" Aliuliza kwa udadisi tu. "Imefanywa na nini?"

Nilifungua mdomo niseme sijui. Dada akaniwahi.

"Waya wa masufuria. Ni mkono wangu. Ilikuwa mwezi wangu wa kwanza, sikuuliza, nikakikwaruza kioo cha watu, kisha nikakificha kwa maua."

Msimamizi akapiga kofi moja. "Umesikia mwenyewe! Si nilisema? Mzembe, tena mficha makosa!"

Mpiga deki alikuwa amesimama kwenye nguzo na tambara lake. Watoto wawili walikuwa wamekuja kushika pindo la gauni la Dada bila kumuuliza kitu, kama walivyozoea. Ofisa alikohoa, akakaa kwenye benchi la wagonjwa, akaandika magotini. Aliandika kwa muda. Halafu akasoma: kwamba tundu la kutolea maji lilikuwa milimita ishirini siku ya ajali, kwamba lilipanuliwa baada ya malalamiko kufika, kwamba maji yaliyomwangusha mfanyakazi yalitoka tangini na hayakumwagwa naye, kwamba mstari wa tisa wa karatasi ya hospitali uondolewe. Na kwamba mfanyakazi amekiri kukwaruza kioo, mwezi wake wa kwanza kazini.

Kalamu ikarudi juu ya sentensi hiyo ya mwisho.

"Hili halihusiani na shauri, mama," akasema. "Nilifute?"

Dada aliegemea fimbo zake. Alikuwa amechoka, nami nilikuwa namwomba kimoyomoyo aseme ndiyo, maana nawajua, watalitumia.

"Liache," akasema. "Hilo ni langu."